Maganda Yaliyoita Ndovu

Hapa Voi, ukitaka harusi iliyonyooka, utaelekezwa kwangu. Mahema, viti, vipaza sauti, hata kile kiti cha bibi harusi chenye mgongo wa dhahabu, vyote ni vyangu, na nilivipata kwa jasho langu. Niliondoka mji huu na begi moja, nikafanya kazi katika kumbi za karamu za hoteli kule Ghuba, nikasoma jioni mpaka nikapata diploma ya usimamizi wa hafla, kisha nikarudi nyumbani. Diploma yenyewe nimeitundika ofisini karibu na mlango, ili mteja aione kabla hajaanza kuomba punguzo. Nasema haya ili uelewe uzito wa maneno yanayofuata: mpangaji bora wa hafla niliyewahi kumwona hakukodi kwangu hata kiti kimoja.

Sote tulimwita Mwalimu. Kwa kirefu, Mwalimu wa Sayansi Kimu, maana ndilo somo alilotufundisha shule ya msingi, wavulana kwa wasichana: kushona kifungo, kufua soksi, kupika uji usio na madonge. Alipostaafu, somo nalo lilikuwa limekwisha kuondolewa shuleni, lakini habari hizo yeye hakuzipokea. Aliendelea kulifundisha sokoni, kanisani, na juu ya ua wa michongoma uliotenganisha nyumba yake na yangu. Alizaliwa lini na babu yake alikuwa nani, hayo nawaachia wasoma risala. Mimi namjua kwa pikiniki.

Kila Jumatatu ya Pasaka kanisa letu hutoka. Hatuendi mbali. Tunapanda lori hadi upande wa Ndara, ndani ya ardhi ya ranchi, ambako kuna jiwe kubwa lililoinama na kutoa kivuli cha kutosha kanisa zima. Mtu akisimama juu yake anaona reli, barabara, na nyika inayokwenda mpaka macho yachoke. Ranchi haikututoza chochote. Ilitupa sharti moja tu, kwamba tusiache taka. Mwalimu ndiye aliyelipokea sharti lile, akaligeuza kuwa amri ya kumi na moja.

Mkutano wa maandalizi ulifanyika barazani kwake, Kwaresima ikiwa bado mbichi. Katika kazi yangu, mkutano wa maandalizi huanza na bajeti. Wake ulianza na swali: "Tukishakula, tutabaki na nini mkononi?" Kila chakula kilipitia swali hilo. Mtu akitaja kuku, anaulizwa mifupa itasafiri na nani. Mtu akitaja soda, anaulizwa chupa ya kioo au ya plastiki, na kama ni ya kioo, nani atakayebeba kreti wakati wa kurudi, wakati kila mtu amechoka. Mtu akitaja biskuti, anatazamwa tu, mpaka anazifuta mwenyewe.

Vilivyoshinda mtihani vilikuwa vyakula vya kwetu. Kimanga, yale maharagwe na muhogo tunavyoviponda pamoja mpaka vishikane, kikafungwa katika majani ya mgomba. Viazi vitamu. Ndizi na matikiti kutoka Taveta. Miwa kutoka milimani. Kuni hazikukatwa kule hata ujiti mmoja, kwa kuwa Mwalimu alikuwa na kikapu chake: kikapu kikubwa kilichotandikwa blanketi kuukuu ndani. Sufuria ya mahindi na maharagwe ilichemka jikoni kwake alfajiri, ikazamishwa humo ikiwa bado inatokota, ikafunikwa kwa mto, na ikamalizia kuiva yenyewe ndani ya lori, bila moto, huku tukiimba.

Nilimpa ushauri wa kitaalamu. "Mwalimu, mimi nina majiko ya gesi. Utapakua chakula cha moto palepale."

"Kwani cha kwenye kikapu huwa baridi?"

"Si baridi, lakini..."

"Basi gesi ipeleke harusini. Huko ndiko watu hula saa kumi chakula cha saa saba."

Harusi zangu hazichelewi, isipokuwa bwana harusi akichelewa.

Asubuhi ya safari alisimama nyuma ya lori na kukagua mizigo kama alivyokuwa akikagua kucha zetu gwaride la Jumatatu. Kila mtu alitakiwa kuwa na sahani yake na kikombe chake, vya bati au vya udongo. "Sahani yako ni kama mswaki wako," alisema. "Kwa nini uitafute kwa jirani?" Mtu aliyekuja na chupa ya maji ya plastiki aliiacha barazani, akapewa kibuyu. Kibuyu kile kilikuwa na harufu ya moshi, na maji yake yalikuwa na ladha ya maziwa ya mwaka juzi, lakini uliyanywa.

Aliyeteseka zaidi ni Mama Duka. Huyu ni mfanyabiashara wa jumla pale mjini, mama aliyeshuka kutoka bara miaka mingi iliyopita, mcheshi, mkono wazi, na mdomo usiofungwa. Kila Pasaka alijaribu kupitisha maboksi madogo ya juisi, yale yenye mrija.

"Mwalimu, jameni, hii ni ya watoto."

"Mrija nao ni wa watoto?"

"Mrija ni kitu kidogo sana."

"Mbu je?"

Lori zima lilicheka, na Mama Duka akarudisha boksi kwenye gari lake akinung'unika kwamba hata forodha ya Taveta haina kero namna hii. Lakini aliposhuka mara ya pili alikuwa na sahani yake ya bati, tena yenye maua.

Usidhani Mwalimu alikuwa malaika. Aliichukia plastiki, lakini hakuweza kuitupa. Stoo yake ilijaa makopo ya siagi, ndoo za rangi na vifuniko visivyokuwa na chupa, vimepangwa kwa ukubwa. Ukimuuliza anasema vimefungwa kifungo cha maisha, na yeye ni askari jela. Alihubiri kutembea kwa miguu, ila ndani ya lori alitaka kiti cha mbele, dirishani, na dereva aliyesahau alisimamishwa mpaka akumbuke. Alikataza sukari kwenye chai, lakini muwa aliutafuna kama mtu aliyeahidiwa kwamba kesho miwa itakoma duniani. Mkoba wake mweusi, ule wa kwendea kanisani, ulikuwa na Biblia, leso, kisu, na vipande vya muwa vilivyokwisha kumenywa. Nimemwona akitafuna wakati wa mahubiri, taratibu, macho yakiwa kwa mchungaji.

Na alikuwa na dharau ndogo kwa mambo ya kununua. Siku moja nilimpelekea sahani zangu mpya za makapi yaliyoshindiliwa, bidhaa ya kisasa kabisa, ambazo nyuma zimeandikwa kwamba huoza na kurudi udongoni. Alinishukuru, akazika moja karibu na sukuma wiki zake. Mvua zilipokwisha akaniita kwenye ua, akachimba mbele yangu. Sahani ikatoka nzima, safi, inangoja wali.

"Imeandikwa inaoza, Mwalimu."

"Imeandikwa Kiingereza. Udongo wangu ni wa Voi."

Bado naziuza sahani zile, na watu wa semina huzinunua sana. Sioni kosa. Walioandika hawakusema zitaoza lini.

Msemo wake mkuu ulikuwa huu: "Kinachooza ni cha udongo, kisichooza ni chako." Watoto wa Jumapili waliuimba. Mimi mwenyewe niliutumia katika mawasilisho mbele ya wateja wakubwa, na ulinipatia kazi. Mwisho wa kila pikiniki tulibeba kurudi mjini kila uzi na kila kizibo, na mabaki ya chakula, yaani maganda ya matikiti, ya ndizi, makapi ya miwa na yale majani ya mgomba, tuliyaacha chini ya jiwe, yamepangwa vizuri na kufukiwa udongo kidogo. Mwalimu aliyatazama kama mtu aliyeweka sadaka.

Kwa miaka mingi hayakuleta shida. Kisha ikaja Pasaka moja ya kiangazi, nyika ikiwa imekauka rangi ya gunia.

Katikati ya wiki, msimamizi wa ranchi alifika kwa Mwalimu kwa pikipiki, amefunikwa vumbi. Ni mtu mwembamba, mpole, asemaye kwa sauti ya chini. Nilikuwa barazani pale nikinywa chai.

"Mama, sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja kuuliza. Mliacha nini kwenye jiwe?"

"Hatukuacha kitu," Mwalimu akasema. "Maganda tu."

"Basi ni hayo."

Akatueleza. Usiku wa Jumatatu ileile ndovu walisikia harufu, wakaja, wakafukua, wakala yote. Usiku wa pili wakarudi na wenzao na hawakukuta kitu. Wakaanza kutafuta. Walichokikuta ni kambi ya wachungaji, na bomba la maji linaloenda kwenye birika la ng'ombe. Wachungaji walipanda juu ya tangi wakapona. Bomba, ndovu waliling'oa kama mtu ang'oavyo muhogo. Ng'ombe wa ranchi walilala na kiu, na maji yakaletwa kwa trekta.

"Mngeacha chupa, mama, ndovu angeipita," akasema. "Tikiti hawezi kulipita. Wazee wa ranchi wanasema jiwe lifungwe. Wageni wasiingie tena. Mtaitwa, lakini nimeona nikuambie mapema."

Hapa ndipo nilipomjua Mwalimu, baada ya miaka yote ya kuwa jirani yake. Nilitazamia abishane, maana kwa kubishana alikuwa na kipaji. Alivua miwani, akaipangusa kwa leso, akasema, "Na majani ya mgomba je? Waliyala pia?"

"Waliyala kwanza."

"Kwanza! Kabla ya tikiti?"

"Kabla, mama."

Aliuliza kama mwanafunzi wa dawati la mbele. Msimamizi alipoondoka, chai ya Mwalimu ilikuwa imepoa na yeye alikuwa bado anatazama barabara. "Watoto wa mji huu hawana jiwe lingine," akaniambia. "Kwingine kote kuna lango, na langoni kuna mtu wa tiketi. Likifungwa lile, wataambiwa pikiniki ni kula chipsi ndani ya gari lililoegeshwa. Na aliyelifunga ni mimi."

Sitadai kwamba mimi nilijua. Diploma yangu ina somo zima la taka, na nililifaulu vizuri. Ila waliolitunga hawakuwa na ndovu.

Kamati ilikutana jioni ile. Mama Duka alikuja na suluhisho tayari. "Sikilizeni. Jumapili kulikuwa na wageni wa Mombasa kwenye jiwe hilohilo, magari mawili, mimi nimewauzia barafu. Tuseme ni wao. Nani atabisha? Watu wa Mombasa hula matikiti kuliko sisi."

Wengine wakaguna kwa kukubali. Wazo halikuwa baya kibiashara.

"Mama Duka," Mwalimu akasema, "ukiniuzia mchele wenye mawe, utasema ni wa duka la jirani?"

"Mchele wangu hauna mawe!"

"Najua. Ndiyo maana nanunua kwako. Hawa wa ranchi nao, wananunua kwetu kitu gani isipokuwa neno letu?"

Mama Duka alinyamaza, jambo ambalo peke yake lilistahili kuandikwa kwenye kumbukumbu za kanisa.

Siku ya kuitwa nilimpeleka Mwalimu mimi, kwa pikapu yangu, ile nyeupe yenye jina la kampuni ubavuni. Kiti cha mbele, dirishani. Wazee wa ranchi walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, na niliomba Mungu asivitaje. Hakuvitaja. Alisimama akasema, "Mimi nimefundisha kanuni moja kwa miaka mingi, na niliifundisha kwa sauti kubwa. Ina tundu, na ndovu amepitia humo. Wageni wengine msiwaulize. Maganda yalikuwa yetu, na mimi ndiye niliyeagiza yaachwe."

Mzee mmoja akauliza, "Sasa mwalimu akikosea hesabu, anafanywa nini?"

"Anapewa sahihisho," akajibu, "na anakaa darasani mpaka alimalize."

Wakacheka, na mimi nikaona mlango umefunguka kidogo. Aliomba vitu viwili: vijana wa kanisa waje kusaidia kulifukia bomba jipya, na sisi tupewe pikiniki moja ya majaribio, msimamizi akiwa mkaguzi. Pakipatikana ganda moja baada ya sisi kupanda lori, jiwe lifungwe na yeye mwenyewe atalitangaza kanisani. Wazee wakanong'onezana kwa muda, wakakubali.

Mpango wa pikiniki ile ndio mpango mzuri kuliko wote niliouona, na nimepanga karamu ambazo waliokula walikuwa na walinzi. Swali la barazani lilibadilika. Halikuwa tena "tutabaki na nini mkononi", bali "nini kitanusa". Matikiti yakafutwa. Ndizi zikafutwa. Kimanga kikatolewa kwenye majani, kikatiwa kwenye mabakuli ya bati yenye vifuniko. Hakuna kitakachomenywa kule. Cha kumenywa kimenywe nyumbani, ganda lake libaki jikoni kwa mwenyewe. Sahani zipanguswe kwa kipande cha kiazi, na kiazi hicho kiliwe, maana hata maji ya kuoshea yana harufu. Miwa je? Watu walimtazama. Aliufungua mkoba mweusi, akatoa vipande vyake, akaviweka mezani. Kwangu, huo ulikuwa msiba wa kweli wa mkutano ule.

Siku ilikuwa nzuri. Msimamizi alikaa nasi, akala, akaomba kuongezwa. Tukaimba, watoto wakapanda jiwe na kuteleza. Mchana uliposogea Mwalimu akapiga kofi mara moja, na kila mtu akainama. Tuliokota mpaka punje ya mahindi. Kisha tukapanda lori, na msimamizi akaanza kuzunguka na fimbo yake, akifunua majani, akichungulia chini ya vichaka. Akarudi, uso umelegea, anataka kusema.

"Ngoja!" Ilikuwa sauti ya Mama Duka. "Ngoja kwanza. Nishusheni."

"Mama Duka, kaa!" watu wakamwambia.

"Nishusheni nimesema."

Akashuka na gauni lake la kitenge, akaenda upande wa nyuma wa jiwe, akalala kifudifudi, akaingiza mkono kwenye ufa mpaka begani. Alihangaika hapo kwa muda. Alipoutoa, kiganjani mlikuwa na ganda la chungwa.

"Tumbo langu halishiki maharagwe bila chungwa," akasema, akihema. "Nilikuwa nimelificha."

Msimamizi alilitazama ganda, akautazama ufa. "Mama, hapo mimi nisingepaona."

"Usingepaona, najua."

"Basi mbona umesema?"

Mama Duka akamwonyesha kwa kidevu yule mwanamke wa kiti cha mbele. "Wewe humjui huyu. Angekuja ndotoni kunikagua."

Msimamizi alicheka mpaka akaegemea fimbo. Akasema sharti lilikuwa ganda lisipatikane baada ya watu kupanda lori, na kwa kuwa Mama Duka alikuwa ameshuka, basi watu hawakuwa wamepanda. Jiwe lilibaki wazi. Mwalimu alisogea kidogo pale mbele, akapigapiga kiti, na Mama Duka akarudi mjini akiwa dirishani. Sijui mtu mwingine yeyote aliyewahi kupewa nafasi hiyo.

Miaka imepita. Magoti yalipoanza kumsumbua, Mwalimu alihamia Ronge kwa binti yake, na ua wa michongoma sasa unakatwa na mpangaji asiyejua kuukata. Pikiniki ya Pasaka naisimamia mimi, bila malipo, na nasema bila kuona haya kwamba inakwenda kama saa.

Mwezi uliopita nilikuwa na harusi upande huo wa Mwatate, nikapita kumwona. Nilimkuta kibarazani, amejifunga leso, amepungua mwili lakini si macho.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hicho kitambi ni cha diploma au cha harusi?"

"Ni cha mafanikio, Mwalimu."

"Kaa basi, wewe na mafanikio yako."

Akaleta muwa, mrefu, wa shambani kwa binti yake, na kisu kilekile. Tukamenya, tukatafuna. Aliniuliza kuhusu jiwe kabla ya kuuliza kuhusu watoto wangu. Nikamwambia liko wazi, na kwamba sasa msimamizi humsomea kila mgeni kanuni langoni kabla hajaingia, hata hao wa Mombasa: ulichokuja nacho ni chako, kioze kisioze. Alitikisa kichwa kama anayesahihisha daftari na kukosa pa kuweka alama ya kosa.

"Kioze kisioze," akarudia. "Ni fupi kuliko ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa na mbwembwe."

Nilipoaga aliniambia chawucha, asante yetu ya Kidawida, akanisindikiza polepole mpaka kwenye pikapu. Nilishuka mlima nikiwa na furaha, na nilikuwa nimekaribia Voi nilipofika kona moja, kitu kikateleza juu ya kiti cha abiria, upande wa dirishani. Lilikuwa kopo la siagi la kale, limefunikwa. Nikasimamisha gari, nikalifungua. Ndani mlikuwa na makapi ya muwa, yangu yote, na maganda.

Nikampigia simu. "Mwalimu, huko Ronge ndovu hawapandi. Na mbuzi unao!"

"Mbuzi wangu hapangiwi chakula na wageni," akasema. "Na kopo nalitaka lirudi."